Uchovu wa askari si utovu wa nidhamu

Ipo dhana iliyoota mizizi katika vichwa vya watu wengi, wakiwamo wasomi na watumishi wa Serikali, kwamba askari polisi ni kiumbe wa aina nyingine, tofauti na wafanyakazi wenzake. Mwalimu akiugua hupewa ruhusa na wazazi humpa pole. Karani akielemewa na majalada husemwa kwamba ofisi haina watumishi wa kutosha. Mganga akikesha wodini husifiwa kwa moyo wake. Lakini askari akionekana asubuhi ana macho mekundu, neno la kwanza linalomjia mtazamaji ni pombe. Dhana hii ni kasumba. Imerithiwa kwa mkoloni, ambaye alipoliunda jeshi la polisi la Tanganyika mwaka 1919 hakutafuta mlinzi wa wananchi bali rungu la kuwatisha, na rungu haliulizwi kama limelala.

Yafaa jambo hili litazamwe kutoka chini, mahali ambapo kazi yenyewe hufanyika. Kata ya Nkololo, wilayani Bariadi, ni mojawapo ya kata za vijijini za mkoa wa Simiyu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako kaya zimetawanyika mashambani na udongo mweusi wa mbuga hunasa magurudumu mara mvua zinapoanza. Askari anayepangiwa kuhudumia kata ya namna hiyo hana kazi moja. Alfajiri huamshwa na mzee aliyeibiwa ng'ombe, naye hana budi kufuata nyayo kabla jua halijazifuta. Saa nne husikiliza mgogoro wa mpaka wa shamba baina ya ndugu wa baba mmoja. Mchana hupimia ajali ya pikipiki na kumfunika maiti kijana ambaye juzi tu walisalimiana mnadani. Jioni huja mama mwenye uso uliovimba, akimshika mkono mtoto ambaye hataki kusema lililompata. Usiku huingia lindo. Picha hii si ya askari fulani wala ya kituo fulani. Ndivyo kazi ilivyo katika kata nyingi za vijijini, ambako askari mmoja huweza kuwa ndiye Serikali nzima mbele ya wananchi.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Kwa maneno mengine, katika miaka 10 wakazi waliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kila mwalimu wa Simiyu anaijua maana ya hesabu hiyo, kwa kuwa ameiona darasani mwake, wanafunzi wakibanana katika dawati moja. Askari huiona hesabu hiyo hiyo usiku, ambapo wito ni mwingi na mtu wa kumpokea zamu hayupo.

Sasa itazamwe sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, imeweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Imeweka kiwango cha juu cha saa za ziada kuwa 50 katika kila wiki nne, na imemhakikishia mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mtu anayechambua pamba kiwandani analindwa na vifungu hivyo. Dereva wa lori analindwa. Mwalimu na karani wa halmashauri wanalindwa pia, kwa maana sheria hiyo inawahusu hata watumishi wa umma. Lakini mwanzoni kabisa mwa sheria hiyo wametajwa wasiohusika: walio katika Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari hana chama cha wafanyakazi cha kumsemea, na sheria ya jeshi lake humhesabu kuwa yu kazini wakati wowote anapohitajika.

Msingi wa kuwatenga askari unaeleweka. Mwizi hafuati saa za ofisi, na nchi haiwezi kukubali kwamba usiku wa vurugu kituo kifungwe kwa kuwa saa 45 zimekwisha. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayedai askari wawe na haki ya kugoma. Hata hivyo, kutengwa huko hakukumwondolea askari moyo wala mishipa ya damu. Sheria haikusema kwamba askari asipumzike; ilinyamaza tu. Pengo lililoachwa na ukimya huo limejazwa na hiari ya mkuu wa kituo. Palipo na mkuu mwenye busara, askari hulala. Palipo na mkuu anayewaona vijana wake kama mali ya ghalani, hawalali. Haki ya mfanyakazi haipaswi kutegemea bahati ya kupangiwa bosi mwema.

Madhara ya hali hiyo kwa mwili wa binadamu yanajulikana, wala si mambo ya kubahatisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya uchunguzi wa pamoja juu ya saa ndefu za kazi. Ilionekana kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko mwenzake wa saa 35 hadi 40, na hatari yake ya kufa kwa ugonjwa wa moyo ni kubwa kwa asilimia 17. Vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu kwa mwaka 2016 pekee vilikadiriwa kuwa 745,000 duniani kote. Hesabu hiyo ni ya wafanyakazi wa kila aina. Askari huongeza juu yake hofu, bunduki, na kazi ya usiku. Huko Marekani, wachunguzi waliowafuatilia kwa miaka mingi askari wa mji wa Buffalo waliona kwamba wale wa zamu za usiku huandamwa zaidi na mchanganyiko wa dalili zinazotangulia maradhi ya moyo na kisukari: tumbo kubwa, presha, sukari na mafuta mabaya katika damu.

Njia yenyewe si ngumu kueleweka. Hatari inapotokea, mwili humimina homoni zinazofanya moyo upige kwa kasi, sukari iingie katika damu na usingizi utoweke. Hiyo ni neema kwa mtu anayekabiliana na simba. Lakini simba huondoka, na mwili hurudi katika hali yake. Askari ambaye simu yake yaweza kulia saa yoyote, usiku baada ya usiku, mwili wake haupewi nafasi ya kurudi. Presha iliyopanda kwa saa moja hugeuka kuwa presha ya kudumu. Usingizi ukija huja vipande vipande. Hasira huwa karibu, kumbukumbu hupungua, na ndipo chupa huingia kama dawa ya usingizi. (Wengi husema pia kwamba mawazo ndiyo yanayoleta vidonda vya tumbo. Madaktari wamethibitisha kuwa chanzo kikuu ni bakteria na baadhi ya dawa za maumivu, hivyo askari mwenye maumivu ya tumbo asijifariji kwa kusema ni mawazo tu, aende zahanati.)

Uchovu wa saa ni mzigo mmoja. Mzigo wa pili ni wa yale ambayo macho yameona. Mwezi Julai 2015 kituo cha polisi cha Staki Shari, Dar es Salaam, kilivamiwa na watu saba wakauawa, wanne kati yao wakiwa askari. Mwezi Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, kwenye lindo la benki. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa kuviziwa njiani huko Kibiti, mkoani Pwani. Mwezi Agosti 2021 askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi waliuawa mchana kweupe karibu na ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam. Taifa liliomboleza, na marehemu wakazikwa kwa heshima waliyostahili. Wanaopaswa kuulizwa habari zao ni wale waliobaki: aliyelala kitanda cha jirani bwenini, aliyebadilishana zamu na marehemu siku moja kabla, aliyepakia miili garini. Mtu huyo hana jeraha. Daktari hana cha kufunga bendeji. Katika daftari la matukio jina lake huandikwa, kama linaandikwa, kwa sababu alifika eneo la tukio.

Simiyu nako kumekuwa na siku za namna hiyo. Tarehe 11 Januari 2022, wilayani Busega, ajali ya barabarani iliua watu wasiopungua 14, wakiwamo waandishi wa habari waliokuwa kazini. Nchi nzima ilisikia habari hizo redioni. Katika kila ajali kubwa ya aina hiyo askari huwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika, na huwa wa mwisho kuondoka, kwa sababu lazima vipimo vichukuliwe na mali za marehemu ziorodheshwe. Aidha, tangu yalipoanzishwa madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, wako askari, wengi wao wanawake, ambao kazi yao ya kila siku ni kusikiliza habari za watoto walioharibiwa. Madawati hayo ni hatua kubwa ya maendeleo na yameokoa wengi. Lakini anayesikiliza habari hizo kutoka asubuhi hadi jioni naye ana mtoto nyumbani, na hakuna aliyempangia wa kumsikiliza yeye.

Wakazi wa Simiyu wenye umri mkubwa wanayo sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Katikati ya miaka ya 1970, sehemu kubwa ya eneo hilo ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, kulizuka wimbi la mauaji ya raia katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, hasa ya wazee. Amri ya kuyakomesha ilitoka juu, na ilitaka matokeo ya haraka. Mwaka 1976 washukiwa wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwezi Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alijiuzulu kwa kuwajibika, ingawa si yeye aliyeshika kiboko. Maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani na wengine wakahukumiwa vifungo. Hukumu hizo zilikuwa za haki, na uchovu hauwezi kuwa utetezi wa mtu aliyemtesa mwenzake. Ila somo la Shinyanga lina upande wake wa pili ambao husahauliwa: askari waliosukumwa walete majibu kesho, bila vifaa vya upelelezi na bila watu wa kutosha, walichagua njia fupi. Shinikizo linaloshuka ngazi kwa ngazi halikomi kwa konstebo. Humshukia raia.

Miaka michache baadaye wananchi wa mikoa ya Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu, ulinzi wa jadi ambao Mwalimu Nyerere aliuunga mkono na ambao sheria iliutambua mwaka 1989. Sungusungu waliupunguza wizi wa mifugo na kumpunguzia askari lindo. Hata hivyo, waliposhika mtu wasiye na hakika naye na kumpiga, jalada lilirudi mezani kwa askari yule yule, mara hii akiwapeleleza majirani anaowategemea.

Nchi jirani zimekwisha kuonja matokeo ya kulinyamazia jambo hili. Mwezi Desemba 2021, katika eneo la Kabete, Nairobi, askari polisi alimuua mkewe na watu wengine kadhaa kwa bunduki ya kazi, kisha akajiua. Kenya iliunda jopo chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kuchunguza masilahi na mageuzi ya polisi, nalo lilikabidhi ripoti yake mwezi Novemba 2023. Tanzania nayo iliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kutazama taasisi za haki jinai, na ripoti ilikabidhiwa kwa Rais mwezi Julai 2023. Kutokana na ripoti hizo yamezungumzwa mengi juu ya rushwa, mahabusu na mamlaka ya kukamata, na ni sawa yazungumzwe. Juu ya usingizi wa askari yamezungumzwa machache.

Kinachozuia tiba zaidi kuliko uhaba wa fedha ni jinsi ugonjwa huu unavyoitwa. Askari akichelewa zamu kwa kuwa hakulala siku mbili, huandikiwa shitaka la nidhamu. Akimjibu mkubwa kwa ukali, ni utovu wa nidhamu. Akinywa, ni utovu wa nidhamu. Akisema waziwazi kwamba usiku huona sura za marehemu, huogopa kunyang'anywa silaha mbele ya wenzake, kukosa cheo na kuitwa chizi na vijana aliowafundisha gwaride. Na akifikia hatua ya kutaka kujitoa uhai akaokolewa, Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Kila mlango aliopo mbele yake una maandishi ya mashitaka. Basi hunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakumfikiria mtu anayeamriwa na utaratibu wa kazi yake ayafiche.

Watakuwapo watakaosema kwamba maneno haya ni kuwatetea askari wanaoomba rushwa barabarani na kuwapiga raia mahabusu. La. Mla rushwa ashitakiwe, na mpiga raia afungwe. Lakini kuwachanganya wahalifu hao na mtu aliyechoka ni kumpa mhalifu mahali pa kujificha, kwa sababu palipo na mashitaka ya nidhamu kwa kila mtu, hakuna anayeona tofauti. Wengine watasema jeshi ni jeshi, na asiyeweza aache. Hao wakumbushwe kwamba marubani wa ndege hawaruhusiwi kurusha ndege bila kupumzika saa zilizowekwa, na hakuna anayewaita waoga. Abiria ndio wangekuwa wa kwanza kulalamika. Abiria wa askari ni wananchi wote wa kata yake, naye hushika bunduki.

Jambo hili haliishii Makao Makuu ya Polisi. Linawahusu watumishi walio karibu zaidi. Jalada la likizo ya askari hulala juu ya meza ya mtu, na mtu huyo ana jina na mshahara. Madai ya uhamisho hukaa miaka huku mke akifundisha Bariadi na mume akilinda Tunduru. Umangimeza wa namna hiyo huvunja nyumba kabla ya risasi yoyote kupigwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na uonevu kwa walio chini yao, na haukumtenga mfanyakazi aliyevaa sare. Kadhalika mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye jirani wa askari katika kata, hujua kutambua mtoto aliyebadilika darasani. Mabadiliko ya mtu mzima hayako mbali na hayo: kutosalimia, kukonda, kukaa peke yake, kucheka mahali pasipo kicheko. Mwalimu akimwona afande katika hali hiyo, asiishie kumnong'onezea mwalimu mwenzake kwamba pombe imemzidi.

Yanayohitajika mengi si ya gharama. Askari apimwe presha na sukari kila mwaka katika zahanati iliyo jirani, na majibu yawe siri yake na ya mganga. Baada ya tukio la vifo, kila aliyekuwapo akutanishwe na mtu aliyefunzwa kusikiliza, asiye bosi wake na asiyeandika ripoti kwa bosi wake; maofisa wa ustawi wa jamii wa halmashauri waweza kuianza kazi hiyo wakati wataalamu wa jeshi wenyewe wakiandaliwa. Anayeomba kuiweka silaha ghalani kwa wiki mbili aruhusiwe bila kuhojiwa na bila kupoteza cheo, na shule ya polisi ya Moshi iwafundishe makuruti tangu mwanzo kwamba ombi hilo ni la mtu makini. Nyumba za askari ni suala la bajeti, nalo lina safari ndefu Bungeni.

Saa za kazi hazina haja ya kungoja safari hiyo. Daftari la zamu limo katika kila kituo, na ndani yake huandikwa jina la askari, saa aliyoingia lindo na saa aliyotoka. Safu moja ikichorwa kwa rula pembeni, ya saa alizopumzika kabla ya kuingia tena, Kamanda wa Mkoa ataweza kuisoma kila mwisho wa mwezi na kumuuliza mkuu wa kituo kwa nini konstebo fulani hana siku hata moja iliyoandikwa.